Sauna Isiyolalamikiwa

Pampu namba 317 ilikuwa imekula beringi arobaini na tatu katika miezi ishirini na miwili.

Raili Vuorenmaa aliisoma hesabu hiyo mara ya tatu, akaiweka kalamu mezani. Alikuwa amefanya kazi ya polisi miaka ishirini na sita, mingi kati ya hiyo akiwafuata wezi wa makaratasi, na sasa alikuwa mkaguzi wa ndani wa kampuni yenye viwanda vinne vya katoni. Aliwahi kukutana na wafu wanaopokea mishahara. Aliwahi kukutana na lori lililokunywa dizeli mwaka mzima likiwa limepandishwa juu ya mawe, halina hata tairi. Lakini pampu yenye ulafi wa namna hii hakuwahi kuiona.

"Euro laki moja na elfu themanini na sita," alisema Rasmus Sandell kutoka upande wa pili wa meza.

Sandell alikuwa mhasibu mkuu. Makao makuu yalimleta kwenye kiwanda hiki cha Hirvilahti kubana gharama za matengenezo, na alizibana kweli; hata balbu ya chooni ilikuwa na fomu yake.

"Hati zote arobaini na tatu za kutolea spea zina saini ya mtu mmoja," aliendelea. "Oili Kemppainen, mtunza stoo. Na kaka yake anauza mashine kuukuu kule Kangasjoki. Unataka nikuchoree na ramani?"

"Kaka yake nilimtembelea jana."

"Na?"

"Anauza matrekta. Beringi yake kubwa kuliko zote inaingia mfukoni mwa koti. Ya kwetu iliyo ndogo kuliko zote ina kilo kumi na nne. Nilikagua banda lake lote, na mbwa wake akanikagua mimi. Nilichoondoka nacho ni harufu ya kahawa."

"Basi kazificha kwingine." Sandell alifungua droo, akatoa bahasha nyeupe, akaiweka katikati yao. "Barua yake ya kufukuzwa kazi. Nitaisaini Ijumaa saa nane mchana. Bodi inataka jina, Raili, na mimi jina ninalo moja tu. Usidhani namchukia yule mama. Lakini bajeti ya matengenezo imepasuka, na palipopasuka ndipo aliposimama."

"Amebakiza muda gani astaafu?"

"Miaka miwili."

"Yeye anajua?"

"Hajui, wala mwingine yeyote hajui. Mafundi wakipata habari watazima mashine kabla gundi ya bahasha haijakauka."

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Raili alichukua daftari lake, akateremka stoo.

Stoo ya Hirvilahti ilikuwa safi kuliko jiko la Raili. Kila rafu ilikuwa na namba, kila namba ilikuwa na kadi, na juu ya meza ya kupokelea mafundi palikuwa na chupa ya kahawa, kitabu cha nyimbo za kanisani chenye jalada lililochakaa, na Oili Kemppainen mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Wewe ndiye yule polisi," alisema Oili. "Kaa. Kahawa ipo, maswali ya polisi yanataka kahawa."

"Nilishaacha upolisi, dada."

"Samaki akitoka majini haachi kunuka samaki. Uliza."

Raili alicheka, akauliza. "Pampu namba 317 ni ipi?"

"Pampu sizijui. Mimi najua rafu. Fundi akija na agizo la kazi lenye saini ya Ensio Pulkkinen, fundi mkuu, nampa alichoandikiwa. Ensio namfahamu tangu ana nywele."

"Beringi arobaini na tatu kwa pampu moja. Hukushangaa?"

"Nilishangaa. Nikamuuliza mara mbili. Akaniambia ni pampu korofi. Basi nikaiweka kwenye sala zangu za asubuhi."

"Pampu?"

"Kwa nini isiwe? Babu yangu alikuwa akiombea ng'ombe."

Hakuwa akitania. Raili alimtazama usoni kwa muda, kama alivyozoea kuwatazama watu kituoni, akitafuta pale ambapo jicho hukimbia. Jicho la Oili halikukimbia popote. Lilikuwa likitazama kikombe cha Raili, kuona kama kimepungua.

"Kompyuta inaniambia nini kilitoka," alisema Raili. "Haiambii kilikuwa kimekaa muda gani."

"Kadi zinaambia." Oili alivuta sanduku refu la mbao. "Walitaka kuzichoma kompyuta ilipokuja. Nikasema zichomeni siku ile umeme hautakatika tena."

Walizipanga kadi arobaini na tatu mezani, moja moja. Kwenye kila kadi palikuwa na tarehe ya beringi kuingia na tarehe ya kutoka, kwa mwandiko wa Oili. Raili alianza kutoa tarehe kwenye tarehe. Miezi ishirini na mitatu. Ya pili, miezi ishirini na mitatu. Ya tatu, miezi ishirini na mitatu na siku nne. Alipofika ya kumi na mbili aliacha kuandika, akazipitisha zilizobaki kwa macho tu. Zote zilikuwa hivyo hivyo.

"Oili, spea ikikaa hapa miezi ishirini na minne inakuwaje?"

"Inauzwa. Ni amri ya makao makuu, miaka mitatu sasa. Kitu kisichoguswa kwa miezi ishirini na minne ni mtaji uliolala, wanasema, kwa hiyo kinauzwa kama chuma chakavu, kwa kilo." Oili alizikusanya kadi akazigonga mezani zilingane. "Mimi sisemi kitu. Mimi nalala masaa saba kila usiku, na hakuna aliyeniuza kwa kilo."

Mwizi huchukua kinachouzika haraka. Huyu alichukua kile tu ambacho kilikuwa kimebakiza mwezi mmoja kiuzwe. Raili aliliandika hilo akalipigia mstari. Lakini alijua pia kwamba wazo zuri lisilo na beringi ni hadithi tu, na Sandell hakuwa mtu wa hadithi. Alihitaji chuma chenyewe, kilo kwa kilo.

Alhamisi asubuhi alimwomba Ensio Pulkkinen amwonyeshe pampu.

Ensio alikuwa jitu la miaka hamsini na kitu, upara unaong'aa, ovaroli ya buluu yenye mifuko iliyojaa kila kitu isipokuwa mikono yake. Alimpitisha Raili chini ya mashine kubwa, kwenye joto na mvuke na kelele, hadi kwenye kona ya ghorofa ya chini. Alisimama mbele ya pampu kubwa kama ndama.

"Huyu hapa," alipaza sauti. "Mkorofi mwenyewe!"

Namba 317 ilikuwa imepakwa rangi nyeupe ubavuni, tarakimu za kupendeza. Raili aliweka kidole juu ya saba. Kidole kilirudi cheupe.

"Imepakwa lini hii?"

"Zamani."

"Zamani ya saa ngapi?"

Ensio alikuna upara. Raili alipiga magoti, akawasha tochi, akafuta vumbi kwenye kibao kidogo cha shaba kilichopigiliwa chini ya mota, mahali ambapo mwenye brashi hakufikiria kuinama. Kibao kilisema 311.

"Ah," alisema Ensio. "Macho yangu haya. Uzee."

"Ensio, kumdanganya mkaguzi ni kosa kubwa."

"Kubwa kuliko kumdanganya mke?"

"Mke husamehe."

"Hujaonana na wa kwangu," alisema Ensio, na wote wawili wakacheka, kwa sababu haikuwezekana kutocheka. Lakini Raili aliona kwamba kicheko cha fundi kilifika mdomoni tu. Mtu huyu alikuwa na kitu cha kuficha, na alikuwa akikificha vibaya, kama mtu asiye na mazoezi.

Orodha ya mitambo ilisema pampu 317 iko Jengo G. Ramani ya kiwanda iliyobandikwa ukutani iliishia Jengo F. Raili alitumia saa mbili nzima kwenye chumba cha nyaraka kabla ya kupata ramani ya zamani, karatasi ya manjano iliyokunjwa mara nane. Aliifungua sakafuni. Jengo G lilikuwa peke yake mbali na mengine, ufukweni mwa ziwa, nyuma ya miti ya misonobari. Pembeni mtu aliandika kwa wino: *Sauna ya wafanyakazi.*

Pampu 317 ilikuwa pampu ya kuvuta maji ya kuogea katika nyumba hiyo ya joto na mvuke. Ingeingia kwenye ndoo.

Aliuliza ofisini. Ndiyo, walimjibu, sauna ipo, ila imefungwa; mabenchi yalioza, hatari kwa usalama. Amri ya kufunga ilikuwa kwenye faili, imesainiwa na Ensio Pulkkinen, miezi ishirini na miwili iliyopita.

Wakati uleule pampu ilipoanza kula.

Raili angeweza kwenda ufukweni saa ileile na nyundo. Hakwenda. Mlango uliovunjwa na mkaguzi humpa mtuhumiwa hadithi ya kusimulia, lakini ufunguo anaoutoa mwenyewe humfunga mdomo. Alitaka Ensio autoe ufunguo, na kwa hilo alihitaji jambo moja zaidi. Aliomba faili la malalamiko ya wafanyakazi.

Faili lilikuwa nene kama tofali. Alisoma hadi jioni. Katika miezi ishirini na miwili wafanyakazi wa Hirvilahti walikuwa wamelalamika kwa maandishi mara mia moja thelathini na moja. Walilalamikia kahawa mpya, kisha walilalamikia kurudishwa kwa kahawa ya zamani. Walilalamikia sabuni, soketi za kupashia magari moto wakati wa baridi, upana wa kabati, mlio wa kengele, na bata mmoja aliyekuwa akivamia watu mlangoni majira ya kuchipua. Raili alifunua hadi ukurasa wa mwisho. Kisha alirudi mwanzo akafunua tena kwa kidole, mstari kwa mstari.

Alifunga faili, akaanza kucheka peke yake, hadi mtu wa usafi akachungulia mlangoni kuona kama kuna mgonjwa.

Ijumaa saa sita mchana mafundi tisa walikuwa kwenye chumba chao cha kahawa, wamezunguka sinia la mikate ya mdalasini. Raili aliingia, akajimiminia kikombe, akakaa kati yao kama vile ameajiriwa karakana.

"Nisaidieni jambo moja," alisema. "Sauna yenu ya ufukweni. Imefungwa muda mrefu?"

Mtu mmoja alitafuna polepole.

"Muda kiasi," alisema Ensio.

"Pole zenu. Mnaikosa?"

"Sana," alisema fundi mwembamba aitwaye Seppo, mwenye masharubu ya rangi ya kutu. "Tunasikitika mno. Mimi mwenyewe hulia."

"Hulia?"

"Ijumaa hasa."

"Na umelalamika?"

"Ee... kwa moyo."

"Kwa maandishi, Seppo. Bata umemlalamikia mara nne kwa maandishi. Nimeyasoma, umeandika vizuri sana, hasa pale alipokufukuza hadi kwenye gari." Wenzake walianza kuchekea vikombeni. Raili aliendelea kwa upole. "Mimi nimezaliwa nchi hii hii. Mtu akitupunguzia mshahara, tunanung'unika. Akitufungia sauna, tunagoma. Nyinyi mmefungiwa miezi ishirini na miwili, watu mia mbili na kumi kiwanda kizima, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Kwa hiyo ama nyinyi si watu wa hapa, ama kila mtu kiwandani anajua kilichomo mle ndani isipokuwa ofisi na stoo."

Vicheko vilikatika. Seppo aliuangalia mkate wake kama vile ndio uliomsaliti.

"Nilisema," alinong'ona. "Nilisema tuandike hata mbili tatu."

"Ulisema wewe? Ulisema tupake rangi!" alidakia mwenzake.

"Nyamazeni," alisema Ensio. Alisimama, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kifuani, akatoa ufunguo uliofungwa kipande cha mbao. "Twende, bibie. Vaa buti, kuna tope."

Walipita katikati ya misonobari. Ziwa lilikuwa la kijivu, limetulia. Ensio alifungua mlango wa Jengo G akampisha.

Sauna ilikuwa na joto la nyuzi ishirini, badala ya themanini. Kipimajoto ukutani kilisema hivyo, na Raili alihisi karaha ndogo, ile ambayo mtu yeyote wa pale angeihisi. Joto la namna ile ndani ya sauna ni kama supu ya jana. Lakini kwa chuma lilikuwa joto sahihi kabisa, kavu, lisilopanda wala kushuka. Na kwenye mabenchi matatu, ambayo hayakuwa na ubao hata mmoja uliooza, zilikaa beringi zilizofungwa karatasi za mafuta, kubwa na ndogo, kila moja na tarehe yake kwa penseli.

"Mnazipasha moto," alisema.

"Zisipate kutu. Kifaa kidogo tu cha umeme, hakili kitu."

"Niambie kuhusu miezi ishirini na minne."

Ensio alivua kofia. "Mwaka ule amri ilipotoka, waliuza giaboksi yetu ya akiba. Ilikaa miezi ishirini na minne haijaguswa, ndiyo, akiba ndivyo inavyokaa! Waliiuza kwa kilo, euro mia tisa yote nzima. Baada ya miezi mitano ile inayofanya kazi ikavunjika meno. Tulitafuta nchi nzima. Unajua tulimpata nani anayo? Yule yule muuza chuma chakavu. Tuliinunua euro elfu thelathini na moja. Na mashine ilisimama saa kumi na tisa."

"Saa moja ya kusimama ni kiasi gani?"

"Elfu kumi na nne. Piga hesabu mwenyewe."

Raili alipiga hesabu. Ilikuwa karibu laki tatu.

"Nilimwandikia kila mtu," alisema Ensio. "Walinijibu kwamba takwimu za stoo zimeboreka. Basi tukaona, kitu kikikaribia kuuzwa, tunakiandikia kazi, kinatoka stoo kwenye makaratasi, kinakuja kukaa hapa. Siku kikihitajika kipo."

"Kwa nini hamkumwambia Oili?"

"Oili? Yule mama hawezi kudanganya hata umri wake. Angekwenda kusema siku hiyo hiyo, tena angebeba keki."

Raili alifunga daftari. "Leo saa nane mchana Oili anafukuzwa kazi kwa wizi."

Ensio alimtazama kana kwamba amesema kwa lugha nyingine. Kisha alikaa kwenye benchi la chini, taratibu, katikati ya beringi mbili.

"Wizi wa nini?"

"Wa hizi."

Fundi mkuu alifuta upara kwa kofia. Alipoinuka alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Sandell yuko wapi?"

"Nitamwita mimi. Wewe kaa hapa, usimpige mtu."

Sandell alifika saa saba, viatu vyake vya ofisini vimejaa tope. Mlangoni alifanya kile ambacho kila mtu hufanya, alinyoosha mkono juu ya jiko la mawe.

"Mbona baridi?" alisema. Kisha aliona mabenchi. Alisimama vile vile, mkono hewani, huku Raili akimweleza jambo baada ya jambo, kadi, tarehe, giaboksi, saa kumi na tisa.

"Basi si Oili," alisema mwishoni. Alitoa bahasha mfukoni mwa koti. "Jina kwenye barua litabadilika."

"Libadilishe," alisema Ensio. "Kalamu ninayo."

"Hati za uongo arobaini na tatu, Ensio! Bodi nitaiambia nini?"

"Hati za uongo zitakuwa kwenye ripoti yangu, kwa jina lake, na sitapunguza neno," alisema Raili. "Lakini wewe ulileta kesi ya wizi. Kwanza tujue kama kuna wizi. Tuhesabu. Na mwenye haki ya kuhesabu spea za kiwanda hiki ni mtunza stoo."

Seppo, aliyekuwa akisubiri nje, alitumwa mbio kumwita. Oili alikuja akiwa na koti la mvua juu ya ovaroli. Mafundi wanane walimfuata nyuma wakabaki mlangoni, vichwa chini, kama watoto wa kipaimara waliovunja dirisha la kanisa.

Oili alivaa miwani. Alitazama benchi la chini, la kati, la juu. Kisha alimtazama Ensio.

"Nimeiombea pampu hii mwaka mmoja na nusu," alisema.

"Najua, Oili."

"Kwa jina!"

"Najua. Nisamehe."

Alipita mbele yake, akainama kwenye benchi la kati. "Na nani kaziweka wima? Beringi inalazwa! Inalazwa chali kama mtoto mchanga! Seppo, njoo hapa, shika hii. Taratibu. Hivyo. Na zile. Ningepewa mimi tangu mwanzo nisingefanya fujo kama hii." Alipapasa mifuko yake. "Karatasi. Nimeacha daftari. Nipeni karatasi."

Hakuna aliyekuwa na karatasi. Raili alikuwa na daftari zima mkononi, lakini alimwona Sandell akiiangalia bahasha yake, na akalirudisha daftari mfukoni.

Sandell alitoa barua ndani ya bahasha. "Upande wa nyuma uko wazi," alisema.

Oili alikuwa mtu wa kusoma kila anachopewa. Alisoma kwanza upande wa mbele, wote, hadi mahali pa saini palipokuwa patupu. Nje maji ya ziwa yalikuwa yakilamba ngazi.

"Tarehe ni ya leo," alisema.

"Ndiyo. Nilikosea, Oili. Naomba radhi."

"Nitakusamehe nikimaliza kuhesabu. Sasa hivi usiniongeleshe, nikichanganya naanza upya."

Aligeuza karatasi, akaanza. Alisoma namba kwa sauti, mafundi wakamwinulia, wakalaza, akaandika. Ilichukua nusu saa. Mwishoni alijumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu.

"Arobaini na nne," alisema.

"Arobaini na tatu," alisema Sandell.

"Mimi nimehesabu arobaini na nne. Na kuna moja ambayo kadi yake siyo kati ya zile." Aliinama kwenye kona ya benchi la juu, akafunua karatasi ya mafuta. Ilikuwa beringi kubwa kuliko zote, na ubavuni ilikuwa na alama ya chaki ya manjano. "Hii niliiuza mwenyewe. Beringi ya rola ya kukaushia katoni. Ilikwenda na giaboksi, siku moja. Nililia."

Wote walimgeukia Ensio. Ensio aligeukia dirisha.

"Hiyo si ya kampuni," alisema. "Ni yetu. Ikivunjika iliyopo, kiwandani ilikotengenezwa wanakwambia usubiri wiki kumi na nne. Tukaenda kwa yule jamaa, akataka mia sita, tukamshusha hadi mia nne na kumi. Tulizitoa kwenye mchango wetu wa kahawa."

"Ndiyo maana," alisema Seppo, "mwaka jana tulikunywa kahawa kavu miezi mitatu. Bila mkate. Hilo nalo hatukulilalamikia."

Raili alimtazama Sandell. "Miaka ishirini na sita polisi," alisema. "Sijawahi kuona mwizi anayerudisha mali ikiwa na nyongeza."

Sandell alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Aliihesabu safu ya juu kwa macho. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na Raili hakujua kama ni hasira, hadi alipoona mabega nayo yakitikisika.

"Risiti mnayo?" aliuliza Sandell.

"Aliandika nyuma ya paketi ya sigara."

"Ileteni. Kanuni ya miezi ishirini na minne nitaipeleka makao makuu Jumatatu, pamoja na hesabu ya giaboksi. Siahidi kitu. Na wewe, Ensio, utapata onyo la maandishi."

"Nitalitundika ukutani."

"Hii ya arobaini na nne niipokee kama nini?" aliuliza Oili, kalamu juu ya karatasi. "Siwezi kuingiza stoo kitu ambacho kampuni haijakinunua."

"Andika imenunuliwa. Bajeti ya matengenezo."

"Bajeti ya matengenezo imekwisha tangu mwezi wa tisa. Uliandika ubaoni kwa wino mwekundu."

"Ilikuwa imepasuka kwa laki moja na elfu themanini na sita," alisema Sandell, "na zote hizo naziona zimelala chali mbele yangu. Mia nne na kumi ipo, Oili. Andika, warudishiwe."

Oili aliandika. Alilikausha jina lake kwa pumzi, kisha akamnyooshea karatasi juu ya beringi. "Saini hapa chini yangu."

Sandell alitazama saa yake, kwa mazoea. Ilikuwa saa nane kamili. Aliiweka karatasi juu ya benchi, akasaini.